Siku Moja na Usiku Wake Hong Kong

Wasikilizaji wangu, nalifika Hong Kong na mzigo mgongoni, fedha kidogo mfukoni. Mwenye nyumba ya wageni akaniambia, "Saa sita usiku nafunga." Nikauacha mzigo, nikapanda tramu ya orofa mbili, ambayo njia yake ilifunguliwa mwaka 1904. Mwendo wake wa kobe, lakini ukikaa juu waona hata madirishani mwa watu! Jioni nikavuka bahari kwenda Kowloon, nikazunguka soko la usiku la Temple Street: taa, samaki, wapiga ramli. Nikajisahau. Kurudi gatini, chombo cha mwisho kimekwisha ondoka. Mzee mmoja akanionyesha basi kwa kidole. Likapita chini ya bahari, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1972. Nalimkuta mwenye nyumba ameshika komeo.