Wananchi Washauriwe Kabla ya Ramani Kuchorwa



Maktaba na makumbusho ni mali ya wananchi. Haifai basi wananchi hao kuitwa siku ya kukata utepe, hali ramani ilichorwa pasipo wao.

Tunao mfano wa Bujora, karibu na Mwanza. Padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho hayo, alifanya kazi pamoja na kamati ya Wasukuma wenyewe. Humo jumba la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mgeni huonja habari za utemi kabla hajavuka kizingiti.

Mhandisi anajua uzito wa paa. Lakini mzee ndiye ajuaye ngoma isiyowekwa hadharani, na mwanafunzi asiye na taa nyumbani ndiye ajuaye haja ya chumba cha kusomea usiku. Tukiwauliza baada ya kuta kusimama, tutabomoa au tutavumilia.

Kwa hiyo mikutano iitishwe mapema, maoni yaandikwe, kisha ramani irudishwe kwa wananchi waelezwe lililokubaliwa, lililokataliwa, na sababu zake. Anayeulizwa asijibiwe hajashirikishwa.