VALI YA KUZUIA MAJI YASIRUDI
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi ya pampu

Ndugu wanachama,

Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Twataka kusema habari za kifaa kimoja cha chuma, maana kikichaguliwa vibaya, anayeumia ni mfanyi kazi, na anayelaumiwa pia ni mfanyi kazi.

Maji ya Mzima, yaliyoanza kufika Mombasa mwaka 1957, huteremka kwa uzito wake. Lakini maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki, hayana budi kusukumwa kwa pampu. Na kila mahali maji yanaposukumwa kwenda juu, pawe shamba, kiwanda au hoteli, stima ikikatika maji hutaka kurudi yalikotoka. Pasipo kizuizi, hupita ndani ya pampu na kuizungusha kinyume. Mtu akiiwasha wakati huo, shafti yaweza kukatika na mota kuungua. Ndiyo sababu huwekwa vali yenye ulimi unaofunguliwa na maji yaendayo, na kufungwa na maji yarudiyo.

Basi, mbona vali nyingine hupiga kishindo kama nyundo? Ni kwa sababu ulimi umechelewa. Maji yamekwisha anza kurudi kwa kasi, halafu ulimi unayakatiza ghafula. Mrusi Nikolai Zhukovsky alieleza hesabu ya jambo hili mwaka 1898. Katika paipu ya chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafula, huongeza shinikizo sawa na maji yaliyosimama wima zaidi ya mita 100. Flenji hupasuka, paipu hung'oka. Halafu twaulizwa: "Nani alikuwa zamu?" Ndugu, swali la kwanza lingekuwa: nani aliichagua vali hii, na kwa hesabu gani?

Kuna aina nyingi, lakini tatu zatosha kwa leo. Ya kwanza ni ya ulimi unaoning'inia kwa bawaba. Ni rahisi, na njia yake ni pana, kwa hivyo yafaa maji machafu. Lakini ulimi wake una safari ndefu, nao hufunga polepole. Ya pili ina vibao viwili vyenye springi. Ni fupi, nyepesi, na hufunga upesi zaidi. Ya tatu ina kisahani kinachosukumwa na springi kwenda na kurudi katikati ya njia. Safari yake ni fupi kabisa, nayo hufunga karibu bila kelele, ila haipendi takataka.

Pampu ikiwa moja tu na paipu ni ndefu isiyopanda sana, maji hupunguza mwendo taratibu, na ulimi wa bawaba waweza kuwahi. Bali pampu zikiwa kadhaa kwenye paipu moja, ama pakiwa na tangi la hewa karibu, mambo hubadilika. Pampu moja ikizimika, zile nyingine au tangi husukuma maji nyuma mara moja. Hapo yatakiwa vali ya springi, ifungayo upesi.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Desturi ni kupima paipu na kununua vali ya kipimo kile kile. Desturi hii yadanganya. Vali hupimwa kwa maji yapitayo, ili ulimi ufunguke wote na kutulia. Vali ikiwa kubwa mno, ulimi hucheza nusu wazi usiku na mchana, na pini ya bawaba huliwa mpaka ikatike.

Tufanye hesabu. Pampu yatoa mita za ujazo 150 kwa saa, na paipu ina upana wa ndani wa milimita 200. Mwendo wa maji ni kama mita 1.3 kwa sekunde. Tuseme kitabu cha mtengenezaji chasema ulimi wa vali ile hufunguka wote kwa mita 2. Basi vali ya 200 ni kubwa mno. Ya 150 itapitisha maji kwa mita 2.4 hivi, nayo itafunguka sawasawa. Itakula nguvu kidogo ya pampu, na hasara hiyo ipimwe kabla ya kununua.

Mahali pake ni baina ya pampu na vali ya kufungia, ili iweze kufunguliwa na kutengenezwa. Isibanwe kwenye mdomo wa pampu wala kwenye kiwiko; ipewe paipu iliyonyoka, angalau mara tano ya upana wake. Vali ya bawaba isiwekwe kamwe penye paipu inayoteremsha maji, maana ulimi utabaki wazi.

Jambo kubwa kuliko yote: vali hii si kufuli. Kijiwe kimoja chini ya ulimi chatosha kupitisha maji. Kabla ya kufungua pampu, funga vali ya kufungia, kata stima na kuitia kufuli, kisha mwaga shinikizo lililobaki. Mtu asikuharakishe.

Ndugu, kishindo kikisikika, kiandikwe katika kitabu cha zamu: saa, pampu, na shinikizo kwenye geji. Kisha mweleze msimamizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka tutoe habari ya hatari, nayo yataka pawe na kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi. Wajumbe wetu wa kamati na waulize hesabu ya vali kabla haijanunuliwa. Aliyeandika mapema halaumiwi kwa urahisi, na paipu iliyotengenezwa mapema haimwui mtu.

Shime, ndugu. Umoja ni nguvu.