Majani Yale Yale, Lugha Nyingine
Hapa Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma sayansi kwa Kiswahili hadi anapomaliza shule hiyo. Akiingia kidato cha 1, majani ni yale yale, jua ni lile lile, ila usanisinuru umegeuka Kiingereza. Hapo huanza kunakili ubaoni asichokielewa, akaonekana mzito. Mwenzake wa shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza ana nafuu ya msamiati, si ya akili. Tena wapo wanaotiririka Kiingereza, ukiwauliza “kwa nini?” kimya! Mzazi, leo jioni fungua daftari la baiolojia, mwanao akueleze somo kwa Kiswahili kwanza, kisha ajaribu kwa Kiingereza. Akikosea, usimcheke.