Somo la Redio: Mtoto Achezaye Peke Yake

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: U-SO-NJI. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti. Vema.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo. Mtoto mwenye usonji huweza kuchelewa kusema, asigeuke aitwapo, au asipende kutazamana na watu.

Sasa tumfikirie mtoto mmoja wa miaka mitatu. Wenzake uani wanapika chakula cha mchanga katika vifuu na kukaribishana. Yeye amekaa kando ya ukuta. Anapanga vizibo vya chupa mstari mmoja, kisha anavipanga tena. Ukiondoa kimoja, analia. Mama yake akimwita, hageuki. Jirani anasema, "Mtoto huyu hampendi mama yake."

Je, jirani amesema kweli?

Hata wataalamu walipata kukosea. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa namna hii. Baadaye wataalamu wengi waliwalaumu akina mama, wakasema hawana mapenzi kwa watoto wao. Akina mama wengi waliumia bure. Mwaka 1964 Bernard Rimland, msomi ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, aliandika kitabu kupinga maneno hayo. Leo twajua kwamba mama si sababu ya usonji.

Na mapenzi ya mtoto je? Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 katika vijiji vya Uganda, karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto humfanya mama yake kuwa kituo chake: huenda kucheza, kisha hurudi kwake. Baadaye, huko Marekani, alitunga jaribio. Mama hutoka chumbani kidogo, kisha hurudi, na mtoto hutazamwa atafanya nini.

Wataalamu wengine waliwatazama watoto wenye usonji kwa njia hiyo. Waliona kwamba wengi wao humtambua mama, na akirudi humwendea yeye kuliko mgeni. Mwaka 2004 uchunguzi mbalimbali ulipokusanywa pamoja, ilionekana kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watoto hao wameshikamana na mama zao kwa imani.

Basi jirani amekosea. Mapenzi yapo, ila alama zake ni ndogo. Mtoto akikushika mkono na kuuvuta mpaka kwenye mtungi wa maji, hakusema neno, lakini amekuchagua wewe.

Wewe mzazi, fanya hivi:

1. Keti chini kando yake. Usimnyang'anye vizibo vyake.
2. Chukua kizibo chako, ukipange kama yeye apangavyo. Kisha ngoja.
3. Akikutazama, hata kidogo, tabasamu. Sema neno moja tu: "Kizibo."
4. Fanya hivyo kila siku, muda mfupi. Ukiona amechoka, acha.
5. Mpeleke kituo cha afya mapema, masikio yake nayo yapimwe, maana asiyesikia naye hageuki aitwapo.

Pengine siku moja atakupa kizibo mkononi. Usikidharau. Huo ndio mchezo wa watu wawili umeanza.

Ndugu jirani, nawe una kazi: usimcheke mtoto, wala usimlaumu mama yake. Mshikie mtoto wake kidogo, apumzike.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Je, malezi ya mama ndiyo sababu ya usonji?
2. Mtoto asiyesema aweza kuonyeshaje kwamba anakupenda?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtoto achezaye peke yake? Mtamsaidiaje mama yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.