Mnara Unapofurika
Hotuba ya mhandisi wa kiwanda cha spiriti katika mkutano wa wakazi wa kata



Mmeniuliza ni kitu gani kinachonguruma ndani ya mnara wetu, na kwa nini Halmashauri imekataza vibanda kandokando ya ukuta wake. Maswali hayo mawili yana jibu moja.

Kanuni ya mnara ni ile ile ya mtungi wa gongo (Mheshimiwa aniwie radhi). Ndani mna sahani zenye matundu, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvuke hupanda kupitia matundu, kimiminika hushuka sahani hadi sahani. Mvuke ukiwa hafifu, kimiminika huchuruzika matunduni kabla ya kutenganishwa. Ukizidi nguvu, hukizuia kisishuke. Nacho hujikusanya, na mnara hufurika. Molasi iliyochachushwa hutoa povu, nalo huharakisha mafuriko hayo. Mwendeshaji mgeni akiona spiriti imepungua ubora huongeza mvuke, kumbe dawa ni kuupunguza.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara ulijaa kwa njia nyingine. Ulikuwa ukiwashwa upya. Mafuta mepesi jamii ya petroli yakaingizwa kwa saa kadhaa pasipo kutolewa. Kipimo, kilichoundwa kupima sehemu ya chini tu, kilionyesha kina kinashuka, ilhali mafuta yalikuwa yamepanda zaidi ya meta 40. Yalipopata joto yalichemka, yakaumuka, yakamwagikia kwenye mabomba ya juu, hata yakatokea hewani kwenye bomba refu lililo wazi. Wingu la mvuke likashika moto. Watu 15 walifariki na 180 wakajeruhiwa. Waliofariki wote walikuwa ndani au karibu na ofisi za muda zilizowekwa jirani na mtambo. Si wao waliokuwa wakiuendesha mnara.

Mnara wetu ni mdogo kuliko ule, lakini mvuke wa spiriti nao huwaka. King'ora kikilia, zimeni majiko, msiwashe pikipiki, na muondoke kwa kuukata upepo, msiufuate.

Najua kuhama kunaumiza. Mimi mwenyewe hunywa chai vibandani pale kila asubuhi. Wenye vibanda wafike kwa Mtendaji wa Kata waonyeshwe maeneo yaliyo mbali na ukuta. Nitawafuata huko huko.