Utomvu Ndani ya Kielezi

Kiingereza kina kielezi succulently, kinachoeleza jinsi nyama ilivyoiva bila kukauka, au jinsi tunda linavyochuruzika maji mdomoni. Ni neno la waandishi wa mapishi na matangazo ya hoteli. Mlaji mwenyewe, vidole vikiwa vimelowa mchuzi, halikumbuki. Hutosheka na juicy.

Mzizi wake ni sucus, ambalo kwa Kilatini ni maji ya tunda au utomvu wa mti. Kutoka hapo likapatikana succulentus, Wafaransa wakalirithi, na Waingereza wakalipokea mwanzoni mwa karne ya 17. Wataalamu wa mimea nao walilichukua kwa ajili ya mimea inayohifadhi maji katika majani au mashina manene, kama kaktasi na mshubiri. Utamu, basi, haukuwa sharti: jani la mshubiri limejaa maji, na uchungu wa shubiri hauhitaji shahidi.

Njia ya maneno ya mezani kutoka Ufaransa ilikuwa imefunguliwa kitambo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana walizungumza Kifaransa na wachungaji wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe aliye malishoni huitwa cow au ox, lakini akishafika kwenye sahani huwa beef. Kondoo naye, sheep wa zizini, huliwa kwa jina la mutton. Walter Scott aliufanyia mzaha mgawanyo huo katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwaka 1819.

Mkia wa succulently ndio mwenyeji halisi. Kiambishi -ly kinatokana na lic ya Kiingereza cha kale, yaani mwili au umbo. Neno hilohilo limejificha katika lychgate, lango lenye paa kwenye viwanja vya makanisa ya Uingereza, ambapo jeneza lilipumzishwa likimsubiri kasisi. Wafaransa walishika njia nyingine: -ment yao imetoka kwenye mente ya Kilatini, yenye maana ya akili. Kwa habari za chakula, Waingereza walichagua vizuri zaidi.

Lakini je, maji yanayosifiwa na kielezi hiki yako wapi hasa? Karibu asilimia 75 ya nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji. Joto ndani yake likipita nyuzi 60 za Selsiasi, nyuzinyuzi zake husinyaa kwa nguvu na kuyakamua, na ndiyo maana steki iliyosahauliwa motoni hutafunwa kama kamba. Kwa hesabu hiyo, makongoro yaliyotokota saa nyingi yangepaswa kuwa makavu kuliko yote. Hayawi. Kolajeni, ile protini inayoifanya mishipa na ngozi kuwa migumu, huyeyuka polepole ikawa jelatini, na ulimi huupokea ulaini wake kama unyevu.

Mafuta nayo yana kazi yake. Mtafunaji huhisi kwanza maji yanayotoka nyamani; baada ya hapo mafuta huchochea tezi za mate, na hisia ya unyevu huendelea hata maji yenyewe yakiwa yamekwisha. Sehemu ya ule sucus wa Warumi, kwa hiyo, haikutoka sufuriani wala kwa mchinjaji. Ni mate ya mlaji.