Kompyuta ya Breki na Mteremko wa Karuba

Uchambuzi wa leo unahusu kompyuta ndogo inayozuia magurudumu ya lori kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Ifahamike kwanza kwamba gurudumu lililojifunga huburuzika badala ya kuviringika, na lori likifikia hapo haliutii tena usukani. Kwa hiyo kihisi, yaani kifaa cha kupima mwendo, kilichowekwa karibu na pete yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu, huipasha kompyuta habari, nayo ikigundua gurudumu linakaribia kujifunga, huamuru vali ipunguze upepo wa breki kisha iurudishe, mara kadhaa kwa sekunde moja.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa Karuba, mashariki mwa Kongo? Ni kwa sababu viazi, maharagwe na abiria hupanda lori moja linaloteremka kuelekea Sake, katika udongo unaoteleza wakati wa mvua. Kwingineko hatari kama hiyo haikuachwa mikononi mwa dereva peke yake: Marekani iliufanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa vichwa vipya vya trela vyenye breki za upepo mwaka 1997.

Kwa upande mwingine, kwenye changarawe gurudumu lililojifunga hulundika mawe mbele yake, na huweza kulisimamisha lori mapema zaidi, ingawa bila usukani, jambo la hatari kubwa mlimani. Aidha, kihisi kikiharibika, taa ya onyo huwaka na breki za kawaida hubaki peke yake. Kuikata waya taa hiyo ni kucheza na uhai wa watu.

Je, ni nani atakayeikagua taa hiyo kabla abiria hawajapanda?